Mudomo Mwekundu mu Masaka

Mardi, 11 mai 1993

Ndege zimeingia mu masaka yetu, mutama wetu wa uji. Ndogo, rangi ya udongo, mudomo mwekundu. Niliogopa — juu ya ile ndege mubaya, ya kukuya kama wingu na kumaliza shamba, nayo iko na mudomo mwekundu! Masaka ingali mubichi. Tukikata leo, ni uji wa maji tu. Tukingoja, na kama ni yenyewe, hatutapata hata uji. Na tangu usine, kile kiwanda, hailipi mushahara, tuko na hii shamba tu. Bwana yangu Germain alienda kuchimba madini, iko mbali.

Mama Mwadi, wa shamba ya pembeni, alishanoa kisu. Anasema mudomo mwekundu ni mudomo mwekundu, tungojee nini tena?

Mercredi, 12 mai

Nilifunga Hadassa ku mugongo, nikachuchumaa mu majani mapema. Alinyamaza, mutoto wangu wa akili. Nikaona vizuri. Kichwa iko na mistari, nyeusi na nyeupe, kama muntu aliichora na makala ya jiko. Mudomo mudogo. Ile mubaya haina mistari vile, na mudomo yake ni munene, wa kuvunja. Utoto wangu wote nililindaka masaka ya mama, ninazijua. Hizi ni zile za mukia murefu! Dume zimeangusha mikia, sasa zinafanana na majike, bibi zao. Zinaokota mbegu za majani chini tu.

Mama Mwadi alicheka: basi Germain akivua koti ya usine, sitamujua?

Nikamwambia, "Mama, ungojee. Siku kidogo."

Aliniangalia. Akarudisha kisu mu kitunga. Wajukuu wake ni wengi.

Vendredi, 14 mai

Nilivunja mbegu na meno. Bado maziwa kidogo. Hadassa naye ametoa jino — masaka na mutoto, wote wawili wanakomaa! Ndege ni zilezile.

Wengine wamekata yao mubichi. Wanasema mimi ni katoto, ninafundisha wazee kulima. Mama Mwadi ndiye aliwajibu.

Siku ya Mungu, 16 mai

Sikuenda misa. Ninaandika hapa shambani.

Ndege zimeongezeka. Nimeangalia moja-moja. Mistari. Mistari. Mistari. Kisha moja, juu kabisa ku kichwa ya masaka, inakula. Mudomo munene. Hakuna mistari.

Moja tu.

Ao ni kinda ya zile za mukia murefu? Lakini kinda haina mudomo mwekundu hivi. Na mama alisemaka ile mubaya haitembeake peke yake.

Mama Mwadi anatoka misa, anakuya ku njia na wajukuu. Hakuleta kisu. Ananipungia mukono.