Kengele Imehama Kitura

Kitura,
Mbinga.
24 Mei 2009

Mwanangu Avelina,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako iliyokuja na barua ya mwezi uliopita nimeipokea, na ninakuitikia marahaba kwa sauti kubwa ingawa hunisikii. Sisi huku ni wazima. Baridi imeanza na ukungu hautoki mabondeni mpaka saa nne, lakini goti la mama yako limemwachia nafasi ya kupumua, na maharage kwenye mashimo yetu ya ngolo yanakaribia kuvunwa. Tunaomba na wewe uwe mzima, joto la Dar es Salaam lisikumalize, na uwe unakula. Katika ile picha uliyotuma, mama yako anasema ameona shingo tu.

Najua ungependelea nikupigie simu. Lakini mtandao wenyewe mpaka nipande kilimani, na kule juu upepo unanipokonya maneno kabla hujayasikia. Jambo hili linataka karatasi. Kaa chini usome polepole, na usirukie ukurasa wa mwisho kama ulivyozoea tangu darasa la tatu.

Barua yako ilinichoma. Uliandika kwamba ile lugha ya kompyuta unayofanyia kazi, Python, ambayo mama yako mpaka leo anaiita chatu, imetoka toleo jipya. Kwamba programu zilizoandikwa kwa toleo la zamani zinagoma humo, kwamba vijana waliotoka chuoni juzi wanaandika ya kisasa huku wewe unajiona umeachwa nyuma, na kwamba unafikiria kuacha kazi urudi ufungue duka la nguo Mbinga mjini. Sikukujibu haraka. Si kwamba nilikasirika. Basi, nilikasirika, lakini hilo silo lililonichelewesha. Nilikuwa vitani na toleo hilohilo, na nilitaka nikuandikie nikiwa nimeshinda.

Mambo yalianza hivi. Mwezi wa tatu radi ilipiga ofisi ya umoja wetu wa vikundi vya wakulima wa kahawa pale mjini, ikaichoma ile kompyuta ya zamani, ikabaki harufu. Umoja ukapata nyingine. Fundi akaja kutoka Songea, akaweka kila kitu kipya, pamoja na toleo jipya la lugha yako, akanywa chai yake akaondoka. Mimi nikaja na flashi yangu iliyokuwa na programu uliyotuandikia likizo ya Krismasi mwaka juzi, ile ya kupanga vikundi kwa ubora wa kahawa. Nikaifungua. Ilikataa mstari wa kwanza tu! Ikaandika maneno mekundu ya Kiingereza, ikanyamaza.

Mwenyekiti wetu, Mzee Othmar, hakusikitika hata kidogo. Akasema enzi hizi za soko huria kila kitu kinauzwa, tutanunua programu nyingine kutoka kampuni ya Dar es Salaam, hii ya mtoto wa mwalimu ilikuwa nzuri lakini imezeeka. Imezeeka! Haina hata miaka miwili. Avelina, nilihisi amekutukana wewe. Programu ile watu hawaiiti programu, wanaiita Avelina. Utasikia mtu mnadani anauliza, Avelina ametupangaje mwaka huu? Jina la mwanangu liko midomoni mwa watu kuanzia hapa mpaka kule Tingi, halafu lifutwe kwa sababu ya radi? Nikamwomba Mzee Othmar anisubiri mpaka mkutano mkuu wa mwezi wa tano. Akacheka, akakubali, kwa kuwa anajua mimi mbishi.

Nilikwenda kwa Dunstan, yule mwenye duka la intaneti karibu na stendi, nikamwambia anitafutie kurasa zinazoeleza toleo jipya limebadilisha nini. Akanichapia karatasi nyingi, zote Kiingereza. Nilizisoma na kamusi mkononi, mimi mzee mstaafu niliyefundisha hesabu shule ya msingi maisha yangu yote, na ukurasa mmoja ulikuwa unanila kutwa nzima. Nikagundua kwamba ile amri ya kuandika kitu kwenye kioo sasa haifanyi kazi bila mabano. Zamani ilikuwa inakwenda kifua wazi, sasa mpaka ivae. Nikaivisha mabano kila ilipo. Mengine nilisahau kuyafunga, kompyuta ikaninunia. Nikagundua pia kwamba amri ya kumuuliza mtu aingize alama imebadilishwa jina. Nikaibadilisha. Nilikuwa nasahihisha mstari mmoja, wa chini yake unagoma. Nasahihisha huo, unaofuata unagoma. Lakini siku ilipokubali kutoka juu mpaka chini nilisimama pale kwa Dunstan nikajipigia makofi mwenyewe. Dunstan alidhani nimeshinda bahati nasibu.

Nasema haya nikijisifu, na nitajisifu tena, univumilie. Nani hapa Umatengo wa umri wangu amewahi kufanya hivyo? Nitajie mmoja tu.

Sasa sikiliza. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba programu iliyotengenezwa upya haiaminiwi mpaka ijaribiwe kwa kazi ya zamani ambayo jibu lake linajulikana. Nikachukua alama za msimu uliopita. Unajua utaratibu wetu: kahawa ya kila kikundi inaonjwa na waonjaji watatu, kila mwonjaji anatoa alama zake, programu inajumlisha na kugawa kwa tatu, halafu inapanga nani wa kwanza. Wastani ukilingana, anatangulia yule aliyefikisha sampuli mapema. Kanuni hiyo ilipitishwa na mkutano, wewe uliifuata tu. Na msimu uliopita ilitumika. Sisi Kitura tulipata themanini na tatu, Kingerikiti wakapata themanini na tatu, na kwa kuwa gari la kukusanya sampuli huwafikia wao mwisho, sisi tukawa wa kwanza. Tukapewa kengele.

Hukuwepo, kwa hiyo sijui kama unaelewa kengele ile ilitufanya nini. Kengele ya shaba ya umoja, inayokaa kwa mshindi msimu mzima na kulia kila jioni kwenye mtambo wa kumenyea kahawa, watu walete kahawa waliyochuma. Hatukuwa tumewahi kuwa nayo tangu umoja uanze. Vijana waliijengea kibanda chake cha matofali ya kuchoma na bati jipya. Wanawake wakaitungia wimbo, na katika wimbo huo umo wewe. Padri aliibariki. Msimu wa kuipiga unaanza mwezi ujao, na kuna wazee hapa walikuwa hawaulizi tena habari za mvua wala za watoto, wanauliza imebaki siku ngapi. Mimi nilikuwa nikipita pale kibandani naigonga kidogo na ukucha, nisikie tu.

Basi nikaingiza alama zile za msimu uliopita. Nikaona Kingerikiti wamekaa juu. Nikadhani nimekosea kuandika. Nikarudia. Wakakaa juu tena, na mbele ya jina lao hapakuwa na themanini na tatu peke yake. Palikuwa na themanini na tatu, nukta, halafu sita zimefuatana kama siafu, mwisho kabisa saba. Sisi tulikuwa na themanini na tatu, nukta, tatu tupu.

Nilirudi kwenye karatasi za Dunstan, na jambo lenyewe lilikuwa limeandikwa pale, nililiruka kwa sababu nililiona dogo. Katika toleo la zamani, ukigawa namba nzima kwa namba nzima, lugha inakupa namba nzima na kinachobaki inakitupa. Kimyakimya, haikwambii. Katika toleo jipya inakupa jibu lote na desimali zake. Jumla ya alama zetu ilikuwa mia mbili na hamsini. Ya Kingerikiti, mia mbili na hamsini na moja. Gawa kwa tatu kwa mkono utaona. Mtoto wa darasa la sita angeona! Mimi niliyechapa watoto viboko kwa sababu ya desimali niliitazama ile themanini na tatu nikaiamini, kwa kuwa ilikuwa imetoka kwako.

Kwa hiyo kengele haikuwa yetu.

Nilirudi nyumbani, nikala ugali bila kujua mboga ilikuwa nini. Aliyejua ni mimi tu. Programu ilikuwa inafanya kazi, Mzee Othmar angeniona shujaa, jina lako lingebaki. Ningeweza kumuuliza tu Dunstan namna ya kuirudisha ile tabia ya zamani ya kutupa masalio, maana karatasi zinasema inawezekana kwa kuongeza mkwaju mmoja tu, kile kistari cha mshazari cha kugawia, na hakuna mtu duniani angejua. Nilikaa hivyo siku kadhaa, mkali kwa kila mtu, mpaka mama yako akaniuliza nina nini. Nikamweleza. Nawe unajua mama yako kwao ni wapi. Kingerikiti! Akasema yeye hatanishauri kitu, maana nikitangaza watu watasema nimelazwa nje na mke mpaka nikawapa wakwe zangu kengele. Ila akasema jambo moja, kwamba tangu nimeijua hiyo habari sijataja jina lako hata mara moja ndani ya nyumba, na kwamba hilo linamtisha kuliko maneno ya watu. Nikaona kweli. Nilikuwa nakukwepa, mwanangu, kama vile wewe ndiye uliyeniibia.

Hapa ndipo penye neno ambalo ningependa ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Jumamosi ya wiki iliyopita, kwenye mkutano mkuu, mbele ya vikundi vyote, nilisimama nikasema programu ya binti yangu Avelina ilikosea. Sikusema kompyuta ilikosea, wala radi, wala toleo. Nilitaja jina lako. Nikawaandikia mgawanyo ule ubaoni kwa chaki, hatua kwa hatua, nikawaambia lugha ya zamani ilikuwa inatupa masalio na mwandishi hakuiangalia, na mimi msimamizi sikuiangalia, na kengele ni ya Kingerikiti. Nimekuanika hadharani bila kukuuliza. Ukinikasirikia una haki.

Nilisikia bati la ukumbi linavyolia kwa jua, Avelina. Halafu vijana wetu wa Kitura wakaanza. Mmoja akapaza sauti kwamba mwalimu amepeleka kengele ukweni, mahari haijaisha nini? Watu wakacheka, wengine hawakucheka. Wale waliojenga kibanda walitoka nje, na mmoja wao mpaka leo hanisalimii. Sikuwalaumu. Mzee Othmar akauliza, sasa programu yenyewe tuitupe au tuifanyeje? Ndipo akasimama Ottilia, mwenyekiti wa kikundi cha Kingerikiti, mama wa maneno machache. Akasema kampuni ya Dar es Salaam nayo inaweza kukosea, na ikikosea hakuna baba wa mtu atakayekuja huku kutuambia. Akaomba Avelina abaki. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, na mikono ya Kitura niliihesabu, ilikuwa mingi kuliko nilivyotegemea.

Jana tuliipeleka kengele. Niliipakata mwenyewe kwenye pikapu, nimeifunga kwa kitenge cha mama yako, na wakwe zangu wakanipokea kwa vigelegele na ngoma ya lindeku mpaka nikaona aibu. Waliipiga papo hapo. Inalia vizuri kule kwao kuliko kwetu, sijui kwa nini, nadhani ni yale mabonde. Nililia kidogo. Mama yako anasema si kidogo.

Sasa kuhusu hilo duka la nguo. Mimi siwezi kukukataza, wewe ni mtu mzima. Lakini nimesimama kwenye misa za shukrani, kwenye mahafali yako, siku ulipopata kazi, na sijawahi kukuonea fahari kama saa ile nilipokuwa nasema umekosea mbele ya ubao ule. Maana nilichokuwa nakitengua ni kazi ya kweli, inayotumiwa na watu, wanayoigombea. Lugha ikigeuka, na sisi tunageuka nayo. Mama yako kila akigeuza shamba, palipokuwa tuta panakuwa shimo la ngolo, na hajawahi kusema kwamba hajui tena kulima. Ikiwa mimi na miwani yangu iliyofungwa kwa uzi nimelivuka toleo hilo, wewe utashindwaje? Nenda kakae na hao vijana, waulize, wala usione haya. Na likizo uje, maana kila kikundi kimechagua mtu mmoja wa kufundishwa na wewe, na mimi nimejichagua kuwa wa kwanza darasani.

Mama yako anakusalimu sana na kukutumia unga na dagaa wa ziwani kwa mkono wa Sista Notburga anayesafiri Jumatano. Majirani wote wanakusalimu, hata huyo asiyenisalimia mimi amesema usalimiwe. Mungu akulinde katika kazi zako na njia zako.

Nimebakiza ujumbe wa Ottilia, nimeapa kuufikisha kama alivyonipa. Siku ile ya mkutano, wakati nawaonyesha matokeo kwenye kioo cha kompyuta tuliyoibeba mpaka ukumbini, nilijisemea kwamba zile sita zimezidi urefu, nitamwomba Avelina azikate zibaki mbili tu, ipendeze. Ottilia akanisikia. Akasogea mpaka kwenye kompyuta, akaweka kidole, akazisoma zote kwa sauti, sita, sita, sita, mpaka mwisho, ukumbi mzima ukimsikiliza. Kisha akaniagiza nikuandikie kwamba Kingerikiti wamekwisha kukatwa mara moja, inatosha. Usithubutu kuondoa hata moja.

Ni mimi baba yako, mwanafunzi wako,
Mwl. Egidi Kapinga