Kinu cha Mama Kavira

Katoyi, Jumanne jioni

Nimeshona robe tatu za wanamuke leo! Na siku ine zilizopita, katika chumba tantine, mama yangu mudogo, alichonipa, chenye mulango na kimya, nilishona mukono mumoja tu, tena nikauweka kinyume.

Asubuhi nikatoa mashini yangu ya kushona inje, karibu na jirani, Mama Kavira, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo ya kuuzisha. Muguu wangu wa kukanyaga mashini ukafuata mapigo ya muchi wake.

"Makelele haikusumbui, mutoto wangu?"

"Hapana, mama. Utwange tu."

Sikumwambia sababu. Tangu tukimbie vita ya Rutshuru, kukiwa kimya ninaacha kazi, ninasikiliza kama masasi yanakaribia.

Saa nane sombe ikaisha. Muguu wangu ukasimama. Mama Kavira akanitazama kidogo, halafu akatwanga kinu kitupu mpaka nikamaliza robe ya tatu.