Kiatu cha Vuai Juu ya Mkeka

Vuai na Mwanaasha,

Wali uko jikoni, mchuzi mpashe moto wenyewe. Mtoto wenu Bushra anywe dawa ya kikohozi. Vuai, tai zako usizitafute.

Mama yako amepanda teksi ya kwenda Doornfontein, mkeka kwapani. Miezi mitatu amesuka ukili kwa ajili ya maonyesho ya kikundi chao, kila mtu na kitu anachokithamini. Yeye alichagua heshima. Leo asubuhi ukaupanda na viatu vya matope, alipopiga kelele ukamjibu, "Eish, Mama, mkeka tu huo!"

Mkeka tu? Wa bibi yake kule Tanga ulimng'ata karani aliyeukanyaga na viatu, akachechemea mpaka kaburini. Huu hauna meno, ~~basi amekusamehe~~ basi ameng'ata mwenyewe. Matope yamekataa kutoka, kwa hiyo amekata tai zako zote vipande, akazisuka, akaizungushia ile alama ya kiatu. Imependeza hiyo! Chini ameandika: "Heshima. Mguu ni wa mwanangu Vuai."

Kesho nenda kazini shingo wazi. Jumamosi njooni wote Doornfontein mtazame.

Viatu mvue mlangoni.

Mama, mwenye mkeka