Neno la Mvua

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi baada ya kukamua. Mume wangu, Baba Neema, kwenye zeze, mimi ngoma na kuimba. Wimbo wa mvua umekaa sawa sasa. Pale kwenye "maji ya juu" alicheka tena, akasema ndipo utamu ulipo.

Harusi zote watu hupiga makofi hapo hapo. Wazee wanajua kwa nini naimba hivyo badala ya kulitaja neno lenyewe. Jina la marehemu baba mkwe linatokana na neno la mvua kwa Kibarbaig, na mke wa boma hili halitaji jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Mimi Mmbulu wa Endagikot nilifundishwa na mama mkwe mwezi wa kwanza wa ndoa. Kwa Kiswahili naandika mvua bila shida. Kwa Kibarbaig mdomo wangu haujawahi kulitamka.

Alhamisi, 6 Machi
Baba Neema amekwenda studio Katesh peke yake. Eti kusafisha sauti na video tulizorekodi. Eti nibaki na ndama mgonjwa. Amerudi na sukari, na maneno machache. Sukari siku ya kazi. Sikuipenda.

Jumapili, 9 Machi
Wimbo umetoka. Mama Elia, jirani, alinionyesha kwenye simu tulipotoka kanisani. Uso wangu. Shanga zangu. Mdomo wangu unafunguka, inatoka sauti ya mtu mwingine, nyembamba, ya kitoto. Inafika pale pangu na inalitaja. Neno lenyewe, wazi, jina la mzee.

Mama Elia alifunika simu kwa kanga.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemuuliza Baba Neema. Hakukataa hata. Mwenye studio alisema "maji ya juu" haieleweki, na sauti yangu ni nzito. Wakamwita Rehema, binti wa kwaya pale mjini, aimbe juu ya picha yangu.

"Ni neno moja tu, Mama Neema."

Nikamwambia aende akalieleze neno moja kwa mama yake. Alichukua fimbo akaenda kwa ng'ombe. Nina hasira mpaka ugali umeungua.

Alhamisi, 13 Machi
Nilikwenda kwa mama mkwe na majani ya chai. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Miaka yote ya ndoa yangu haijawahi kubaki hewani namna ile.

Jioni shemeji mkubwa alikuja na neno la ukoo. Eti nimemtukana mzee kaburini. Nipike pombe ya asali, nikae chini mbele yao, niombe radhi. Nisipofanya, nirudi Endagikot, na Neema abaki kwao.

Nikamwangalia mume wangu. Maneno mawili tu kutoka kwake yangetosha: si yeye. Alikuwa anakaza uzi wa zeze. Akasema, "Ataomba."

Mla nawe hafi nawe. Nilikuwa nikisikia tu watu wakisema.

Ijumaa, 14 Machi
Amejieleza leo. Tumealikwa Babati, kwenye sherehe kubwa, na waliotualika wanataka "mke na mume wa Hanang". Ikijulikana sauti si yangu tutaitwa matapeli. Nivumilie kidogo.

Mke na mume. Mke yupi? Mwenye uso au mwenye sauti?

Nimeichemsha asali. Si kwa ajili yake. Neema ana miaka sita.

Jumamosi, 15 Machi
Nimeomba radhi. Nilikaa kwenye ngozi, wao kwenye viti. Nikasema mdomo wangu umekosa. Umekosa nini? Haukufunguka hata. Baba Neema alikunywa pamoja nao na kusifu pombe. Alisema imeiva vizuri.

Wamenisamehe. Najisikia mchafu.

Jumamosi, 22 Machi
Ameondoka asubuhi kwenda Babati na zeze lake. Nilikataa kwenda. Hakunibembeleza sana. Rehema anapanda gari Katesh, aende naye.

Mchana mama mkwe aliniita tuchambue maharage. Shikamoo yangu aliiitikia. Tulifanya kazi bila maneno mengi, mimi nikawa naimba chini chini, mazoea tu. Akasimamisha mkono.

"Ile ya kwenye simu si sauti yako."

Nilidhani nitalia. Nikamuuliza amejua lini.

"Siku ile ile. Wewe ninakusikia kila asubuhi, nitakukosaje?"

"Mbona uliniacha nikae chini, mama?"

Alipuliza maganda kwenye ungo.

"Ningesema, ingekuwa yeye wa kukaa chini. Yule ni mwanangu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekueleza njia ya kisimani. Nikaitika ndiyo, mama. Tukamaliza maharage, nikabandika yake na yangu.