Mtihani wa Meno na Miti ya Baba

Mpendwa Shangazi Odile,

Naomba uniokoe kabla sijakitupa kitabu cha mimea kwenye moto wa kuchemshia shira, na huo moto hauko mbali, nauona kutoka hapa nilipokaa, maana huu ni mwezi wa Machi na sisi ni watu wa mepo, miti ile ambayo utomvu wake huchemshwa ukawa shira, kwa hiyo hali ya nyumba yetu unaijua bila mimi kukusimulia.

Nataka kuwa daktari wa meno, nimetaka tangu nikiwa na meno ya utotoni, na ili chuo kikupokee lazima ufanye mtihani wa kujiunga, nao mtihani huo ukishakutoa jasho kwa kemia na hesabu unakugeuzia mimea, mizizi na mashina na maua, na mimi nauliza tangu lini mgonjwa akakaa kwenye kiti, akafungua mdomo, ukakuta majani. Ninasoma na rafiki yangu, nimwite Harlan ingawa si jina lake, maana gazeti lako linasomwa na kila mtu hapa, naye, ambaye kwao wanauza matairi, anasema maswali ya mimea ni machache, nibahatishe tu kama yeye, halafu ananicheka, "Yaani wewe binti wa mepo unashindwa na mti? Huoni aibu, samaki kuzama?"

Lakini ni kweli nashindwa, kila jaribio la mazoezi. Juzi waliuliza sukari husafiri kwenye mishipa ipi ya mti, nikajibu ile ya ndani inayopandisha maji, nikakosa, nikabishana na Harlan mpaka mwenye maktaba akaja kutusimamia. Harlan akasema, "Kitabu kinasema sukari inatoka kwenye majani, inashuka kwa mishipa iliyo chini ya gome." Nikamwambia, "Majani gani, na theluji imetufika magotini? Sisi tunatoboa gome tunalipita, tunaingia kwenye mti wenyewe, na kinachodondoka ni kitamu, njoo uonje." Akasema mtihani hauonjwi. Tangu hapo kitabu chote nakiona kina uongo, maana walioandika sidhani kama wamewahi kushika keekee wakatoboa mti.

Na si kwamba mti siujui, Shangazi, tundu alilotoboa marehemu babu bado liko usawa wa kiuno changu, halikupanda hata kidogo, wakati mti wenyewe umerefuka juu na kunenepa kotekote, na mwaka ule nungunungu alipoumenya mmoja gome kuuzunguka, baba alisema huo umeshakufa ila haujaambiwa, na kweli ukakauka, na machipukizi yakianza tu tunaacha kukusanya kwa sababu shira inakuwa na ladha ya soksi. Lakini nikifungua kitabu, kichwa kinakuwa tupu.

Basi mtihani nimeuahirisha mara mbili, na sasa tarehe imeangukia katikati ya msimu wa kuchemsha, nataka niusogeze tena hadi vuli, ila Harlan anasema wakati huo nafasi za chuo zitakuwa zimejaa nami nitapoteza mwaka mzima. Na baba naye simwelewi. Tangu mama afariki tumebaki wawili, na mwaka huu ameziondoa ndoo zote tulizokuwa tukitundika mitini kukinga utomvu, akafunga mipira inayoteremsha utomvu wenyewe hadi kwenye tangi, mtu huyo huyo aliyeapa kwamba mipira ni ya wavivu, wala hakuniuliza. Halafu jino linamuuma, anatafuna upande mmoja kama mbuzi mzee, na ukimwambia aende kwa daktari anasema, "Mimi nina daktari wangu, bado anasoma." Alisema hivyo kwenye karamu ya kanisani, tukiwa tunakula shira iliyomwagwa juu ya theluji, kwa matango ya achari kama desturi yetu, na ukumbi mzima ukanigeukia, mzee mmoja akafungua kinywa chenye tango la achari ndani yake ili nimtazamie gego.

Niambie, Shangazi, niahirishe, au niache mimea nibahatishe?

Wako, Binti wa Mepo, kaskazini mwa Vermont

*

Binti wa Mepo,

Kwanza kitoe kitabu hicho karibu na moto. Shira haina kosa.

Nimekucheka, na nitakucheka kidogo tena kabla hatujakaa sawa. Umeniandikia kwamba mimea huijui, halafu katika barua hiyo hiyo, bila kuulizwa, umenieleza kwamba mti hurefuka kwenye ncha na si kiunoni, kwamba hunenepa chini ya gome, na kwamba gome likimenywa kuzunguka, chakula hakishuki tena na mizizi hufa njaa. Barua yako nimempa mpwa wangu anayefundisha mambo hayo shuleni, akaniuliza huyu ni mwanafunzi wa nani. Nikamwambia ni wa baba yake.

Sasa sukari. Harlan yuko sahihi, nawe uko sahihi, na alama anapata Harlan. Mti wa mepo mwezi wa Machi, usiku baridi na mchana jua, husukuma utamu kwenye mishipa ya maji. Lakini huo ni mti wako, katika msimu wako. Mtihani unaulizia mimea kwa jumla, wakati ina majani. Mtu akikuuliza njia ya kwenda mjini usimweleze njia ya kwenda kwenu. Mjibu alichouliza, pata alama yako, halafu ukishatoka mlangoni bishana na unayemtaka. Na usibahatishe. Harlan abahatishe, kwao wanauza matairi. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Hayo yalikuwa mepesi. Sasa kaa chini.

Mwanangu, mimea hukuiogopa hata siku moja. Unachoogopa ni kufaulu. Ukifaulu utaondoka, na ukiondoka, baba yako atabaki peke yake na miti yote ile na kuni za kupasua kwenye theluji. Kwa hiyo kichwa kinakuwa tupu, tarehe zinasogezwa, na lawama anabebeshwa mwandishi wa kitabu ambaye hata humjui. Sikulaumu kwa kumpenda baba yako. Nakulaumu kwa kutomwambia, maana mmekaa kibanda kimoja cha kuchemshia msimu mzima mkitazama povu, kila mtu akimlinda mwenzake kwa kunyamaza.

Na mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe itabidi uambiwe. Umeniandikia kwamba hujui kwa nini baba yako ameondoa ndoo. Ndoo zinahitaji watu wawili. Mipira inahitaji mmoja. Mzee yule amevunja kiapo chake mwenyewe, amepanda kilima na uzee wake huo, amefunga mipira mti kwa mti, ili siku utakapoondoka usipate sababu ya kugeuka nyuma. Hakukuuliza kwa sababu alijua ungekataa. Nimeisoma sehemu hiyo ya barua yako mara kadhaa, na sikucheka.

Kwa hiyo fanya hivi. Tarehe usiiguse. Jumamosi hii, mkiwa mnachemsha, mwambie baba yako siku ya mtihani na umwambie kwamba unaogopa kumwacha. Usizunguke. Atajifanya anakagua moto, mwache aukague, atajibu akimaliza. Kisha mwombe akuulize maswali ya kitabu kuni zikiwaka, na kila mnapopishana na kitabu, andika pembeni "Machi, kwetu," usonge mbele. Siku ya mtihani usishike keekee wala usipite kibandani kuaga mara ya pili. Majirani wapo, na wanakula shira yenu bure kila mwaka, wakamsaidie.

Limebaki jino. Mficha maradhi kifo humuumbua, na chuo cha meno ni miaka minne hata kwa mwenye akili kama zako. Mkamate, mtie garini, mpeleke kwa daktari aliyekwisha kusoma, wiki hii. Akikuambia ana daktari wake, mwambie daktari wake ndiye anayeendesha gari, na kwamba ametoa agizo lake la kwanza.

Shangazi Odile