Tangi Limejaa

Jumapili, 10 Novemba
Theluji imeamua kukaa. Mke wangu Halyna kapiga simu kutoka kwa binti yetu Lesia, kule Victoria pwani, ambako watu bado wanakata nyasi — mwezi wa kumi na moja! Atakuja Krismasi. Niliruka, nusura nigonge kichwa kwenye kabati. Halafu akamalizia: anakuja kuangalia tu, tikiti ya kurudi anayo.

Alipoondoka Septemba alisema baridi imemchosha. Hakusema mimi nimemchosha. Alisema baridi. Basi baridi nitaishughulikia.

Jumatano, 20 Novemba
Nimeanza na pikapu. Mwaka jana iligoma kuwaka nje ya kanisa, Halyna akafa ganzi miguu na vile viatu vyake vya kwaya. Bado anaikumbuka siku ile.

Tangu mavuno imelala karakana, karibu na jiko la kuni. Inaishi vizuri kuliko mimi. Betri mbili mpya kaniletea jirani yangu Wendell, pamoja na mkate na maziwa, maana kila akienda mjini huninunulia. Oili nzito nimemwaga, nimeweka nyepesi. Tangi nililijaza mwenyewe siku ya mwisho ya mavuno, kutoka kwenye pipa letu la shambani. Limejaa hadi mdomoni. Kazi moja imepungua!

Supu ya kopo tena. Nimeila nimesimama.

Jumamosi, 30 Novemba
Wendell kaja kukagua, kama vile ni mwalimu na mimi ni mwanafunzi.

"Hita ya kupasha injini kabla ya kuwasha?"
"Inafanya kazi."
"Waya wa kuichomeka kwenye umeme?"
"Mpya."
"Kadibodi ya kuzuia upepo mbele ya rejeta?"
"Wendell, mimi naendesha dizeli tangu wewe unanyonya."
Akacheka. "Na mafuta, mzee? Maana —"
"Tangi limejaa!"

Akavaa glavu zake. Mlangoni akasema mkewe kapika, twende nikale. Nikamwambia nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote. Alipoondoka niliingia kwenye pikapu nikawasha hita ya ndani, nikakaa. Upande wa Halyna inapuliza vizuri sana. Upande wangu hivi hivi, lakini mimi nimezoea.

Jumanne, 10 Desemba
Thelathini na moja chini ya sifuri.

Nimeshona mpasuko wa kiti chake. Nimefua blanketi lake la sufu. Kwenye kopo la dharura la garini nimeweka mshumaa wa kutupa joto tukikwama, kiberiti na chokoleti anayoipenda.

Asubuhi nimeiambia pikapu habari za asubuhi. Kwa sauti! Wendell asijue.

Ijumaa, 20 Desemba
Halyna kapiga. Kesho atabadilisha ndege Calgary, atatua Saskatoon mchana. Akauliza, taratibu, kama si afadhali Wendell ndiye aende kumpokea.

"Wendell kwani ndiye mumeo?"
"Nauliza tu, Orest. Wamesema kesho ni arobaini chini ya sifuri."
"Nitakuwa mlangoni kabla hujashuka."
"Nisikae pale kama mzigo uliosahaulika. Nikikaa, narudi na ndege ya jioni. Sitanii, mzee."
"Hutakaa."

Nimepiga deki jikoni. Nimenyoa ndevu. Sina la kufanya tena, na bado ni mchana.

Jumamosi, 21 Desemba
Naandika ndani ya pikapu. Daftari nililibeba niandike nikimsubiri uwanjani.

Siko uwanjani. Niko kando ya barabara, mwendo wa saa moja tu kutoka nyumbani. Injini iliwaka mara moja, kwa raha, ikatoka karakana inanguruma. Halafu hapa ikakohoa, ikakosa nguvu, ikazima. Nimefungua filta. Mafuta meupe, mazito, kama ya kupikia yaliyoganda sufuriani.

Dizeli ya kiangazi, ile inayoganda baridi ikizidi! Mjini wameshaanza kuuza ya baridi tangu Oktoba, mtoto mdogo anajua. Kwenye joto la karakana haikuonyesha kitu. Miaka yote sijawahi hata kuifikiria, kwa sababu kufikia Oktoba tangi la mavuno limeshaisha zamani. Jumapili kanisa, Jumanne kwaya, Alhamisi kwa dada yake, na mimi nyuma ya usukani nikilalamika kwamba Halyna ananimalizia mafuta. Mwaka huu hakuna aliyeyamaliza.

Nimempigia Wendell, yuko njiani na mnyororo wa kuvutia. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Halyna kapiga kutoka Calgary.

"Umefika wapi?"
"Nimezimika njiani."
"Nini tena?"
"Mafuta. Ya kiangazi."

Amezaliwa shambani, haelezwi mara mbili.

"Ya Septemba, Orest? Yale yale?"
"Yale yale."
"Kanisani hujaenda?"
"Sijaenda."
"Kwa dada yangu je?"
"Hapana."
"Popote?"

Nikakwangua barafu ya kioo kwa kucha.

"Mshumaa unao?"
"Ninao."
"Basi uwashe, mzee mjinga wewe. Na ujifunike."

Nyuma yake spika ikawaita abiria wa Saskatoon, mara ya mwisho. Akasema kitu. Sikukisikia, simu ikazima kwa baridi. Sijui kama alipanda. Sijui alisema nini.

Mshumaa nimeuwasha. Vioo vimeganda vyote, sioni barabara. Blanketi lilikuwa limekunjwa kitini pake, na sikutaka kuligusa, nimelifua kwa ajili yake. Lakini vidole havishiki kalamu, na kasema nijifunike.

Nimelikunjua. Nusu nimejifunika. Nusu nimeiacha upande wake.