Mprotestanti Kwenye Rozari ya Perpetua

Karuba, Ijumaa jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi na sasa imechoka. Mimi pia.

Leo tumeondoa matanga ya Mama Perpetua, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunachunga mbuzi pamoja. Kaburi hatuna. Alifia Omate, kule Walikale, alipoenda kumwona binti yake anayewapikia wachimbaji. Barabara imeoza, bunduki ziko njiani, wakamzika kulekule. Mimi nikabaki huku sijamuaga, na hilo limenichosha kuliko jembe.

Perpetua alikuwa Mkatoliki mpaka kwenye mifupa. Tulipokimbia vita, watu wakibeba magodoro, yeye alibeba sanamu ya Bikira Maria ndani ya sufuria. Akichoka, sufuria inahamia kwangu.

“Unaona?” alinitania. “Mama Maria hana ubaguzi. Anapanda hata juu ya kichwa ya Muprotestanti.”

Juzi binti yake akapiga simu. Mama aliacha neno: siku ya kuondoa matanga, fungu la mwisho la rozari aongoze Mama Esther.

Mimi! Mtu ninayesinzia hata pasta wangu mwenyewe akihubiri.

Leo, nyumbani kwa marehemu, katekista wao hakufurahi. “Mama Esther, tunakupenda, lakini hii iko rozari, haiko kwaya.”

Papa Deo, mume wa marehemu, akajibu bila kuinua kichwa: “Perpetua mwenyewe njo alisema. Mumuache.”

Niseme kweli, niliogopa. Kwaheri yangu ilikuwa hiyo moja tu. Nikiiharibu, nitaenda kumuagia wapi tena?

Nikaanza Baba Yetu. Wakaitikia vizuri, wakafika mwisho, wakasema Amina. Na mimi, kwa mazoea ya kanisa letu, nikaendelea peke yangu kwa sauti kubwa: “Kwa kuwa ufalme ni wako…”

Vichwa vyote vikanigeukia. Wakatoliki wanafungia sala pale. Sisi bado tuna mkia mrefu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu Papa Deo akacheka. Tangu habari ya Omate ifike, hakuna aliyekuwa amemsikia akicheka.

“Perpetua alisema! Siku ile anapanda pikipiki kwenda Omate, aliniambia: nikikufa, mumupe Esther rozari, mutaona, hatajua pa kusimama!”

Wamama wakacheka huku wanalia. Katekista akaficha mdomo nyuma ya kitabu, mabega yanatikisika. “Haya, Mama Esther. Maliza mukia yako, kisha utupe Salamu Maria.”

Kumbe alinitegea. Mwanamke wa sala, kutwa amepiga magoti, kumbe anapanga namna ya kunichekesha akiwa hayupo.

Nikaumaliza mkia. Kisha nikaongoza Salamu Maria zote, sauti ikinitoroka, nikiirudisha. Hakuna aliyenisahihisha. Miaka yote hiyo nikijidai simsikilizi Perpetua akisali, kumbe nilikuwa nazijua.

Nimemuaga.

Sasa miguu imevimba, koo limekauka, na pasta bila shaka amekwisha kusikia. Karuba hatuna siri. Akiuliza nitamjibu. Akikasirika, atanikuta nimesinzia.

Kesho kuna maharagi ya kupalilia, yangu na yale aliyoyaacha Perpetua. Nitaanza na yake. Magugu yangu yamenizoea.